Muulize Mwalimu: Likizo, mvua na gari la waya

Barua za mwezi huu zimekuja na mvua. Shule zimefungwa, vuli imeshika, na wazazi wengi wa Nairobi wamebaki na watoto ndani ya vyumba visivyo na ua. Kwa msomaji mgeni: nilifundisha chekechea huku Eastlands kuanzia 1984 hadi 2018, na sasa nashinda na wajukuu wawili mama yao akienda kazini. Nimechagua barua tano. Ya pili nimeijibu kwa urefu kwa sababu ilinikosesha usingizi.

*Hujambo Mwalimu. Tunaishi Pipeline, ghorofa ya sita, chumba kimoja. Nina wavulana wawili, wa miaka 9 na 6. Tangu shule zifungwe mvua haijatupa nafasi. Nje ni matope na maji ya mitaro, na kwenye veranda mwangalizi wa jengo hataki kusikia mpira. Natoka saa kumi na mbili asubuhi kwenda kazini Industrial Area, nawaacha na binamu yangu, na nikirudi nawakuta wamelala kifudifudi juu ya simu yake. Nguo hazikauki, kwa hiyo jioni tunaingiza jiko la makaa ndani zikauke na sisi tupate joto. Niwape nini cha kufanya mpaka Januari? Pesa za vitu vya kuchezea sina.*
Mama wa wawili, Pipeline

Mama wa wawili, michezo itafuata. Kwanza tuzungumze juu ya hilo jiko, na nakuomba unisikilize kama ambavyo ungemsikiliza dada yako mkubwa. Makaa yanayowaka hutoa hewa iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu. Watu hudhani hatari iko kwenye moshi, wakasubiri makaa yaive na kuwa mekundu ndipo waingize jiko ndani, kumbe hewa hiyo inaendelea kutoka hata moshi ukiisha. Chumba kikifungwa, kichwa kinaanza kuuma, mtu anaona kizunguzungu na kichefuchefu, kisha usingizi unamshika. Aliyelala tayari haoni dalili yoyote. Pikia karibu na mlango, dirisha likiwa wazi, na jiko litoke nje kabla mtu yeyote hajalala, hata kama usiku ni wa baridi kali. Ongeza blanketi, valisheni watoto soksi na sweta.

Nguo zikishakamuliwa, zitandaze juu ya taulo kavu, likunje kama mkeka, halafu wavulana walipande na kulikanyaga kwa miguu yao mpaka maji yahamie kwenye taulo. Nguo iliyokanyagwa hivyo ukiianika karibu na dirisha inakauka upesi kuliko iliyokamuliwa kwa mikono peke yake. Hiyo ni kazi yao ya kwanza ya likizo, na wataipenda mno.

Mpira sasa. Zamani watoto wetu walifunga mpira wa juala kwa kamba ya katani. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Agosti 2017, juala zimekuwa adimu na mpira ule umepotea mitaani. Tengenezeni wa soksi: chukua soksi moja kuukuu, ijaze vitambaa vilivyochanika, ivutie ndani ya soksi ya pili, kisha ya tatu, na mdomo ushonwe. Hauruki juu na haupigi kelele sakafuni, kwa hiyo mwangalizi wa jengo hatakuwa na la kusema. Wajukuu zangu wanaucheza kwa kulenga ndoo iliyolazwa upande.

Ila kazi ninayotaka uwape hasa ni gari la waya. Mtoto wa miaka 9 yuko katika umri wake. Nenda hadiwea yoyote uulize waya wa kufungia, ule mweusi mlaini ambao mafundi wa ujenzi hufungia nondo. Huuzwa kwa kilo, nawe mwambie akupimie nusu. Magari mawili yatatoka hapo na utabaki. Kwa fremu tafuta hanga mbili za chuma. Koleo liazime kwa fundi wa stima. Magurudumu yakatwe kutoka kwenye ndara zilizoisha, ukifuatisha mduara wa kifuniko cha chupa ya soda, na matundu ya ekseli yatobolewe katikati kwa msumari uliopashwa moto. Hilo la msumari ulifanye wewe.

Mwacheni mkubwa achore gari lake kwanza sakafuni kwa chaki, ukubwa uleule litakaokuwa nao, kisha apinde hanga kufuata mchoro. Mtoto akifuata mstari wake mwenyewe hachoki haraka. Mdogo kazi yake ni kukata ndara kwa mkasi usio na ncha kali, kuhesabu magurudumu, na kushika upande mmoja kaka yake anapofunga upande wa pili. Kila waya unapokatwa, ncha zote mbili zishikwe na uso ugeuzwe pembeni, kwa sababu kipande kinachoruka kikipata jicho ni balaa. Ncha zote zikunjwe ndani kabla gari halijaanza safari. Usukani uwe na waya mrefu unaofika kifuani, ili dereva atembee wima.

Wazee wenzangu mnakumbuka pakiti za pembetatu za maziwa ya Nyayo, yale yaliyoanza kugawiwa shuleni 1979. Nilipoanza kufundisha, hakuna pakiti iliyotupwa. Ziligeuzwa lori, mashua na taa za barabarani. Pakiti za maziwa za siku hizi nazo zinatoa matrekta mazuri, zikisuuzwa vizuri zisinuke.

Kuhusu simu, usimgombeze binamu yako. Msichana anayeshinda na wavulana wawili chumba kimoja, mvua ikinyesha, hana pa kukimbilia. Kaeni naye mkubaliane saa moja ya simu, labda baada ya chakula cha mchana, na muda uliobaki simu ikae juu ya kabati. Mwonyeshe na yeye kazi ya waya ili wavulana wawe na wa kumuuliza. Siku mvua ikikatika, mabinamu watatu hao wanaweza kwenda maktaba ya Makadara. Ni tawi la maktaba ya McMillan ya katikati ya mji, ile iliyofunguliwa 1931, na tawi lingine liko Kaloleni.

Na Jumapili alasiri, mama, saa moja iwe yako. Kaa nao sakafuni ushike koleo, hata kama huna ujuzi wowote. Wavulana hawasemi mambo yao ukiwaketisha na kuwauliza. Wakiwa wanapinda waya wanasema yote, nani alimpiga nani, nani anaogopa kurudi shule Januari na kwa nini.

*Mwalimu, salamu. Binti yangu yuko Gredi ya 4. Muhula uliopita waliambiwa watengeneze sanamu ya kutishia ndege. Alianza na vijiti viwili na fulana yake ya zamani, ikawa inainama upande mmoja. Mimi nilifika nyumbani saa tatu usiku, na kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya kuipeleka. Nikaifumua. Hadi saa saba usiku mimi na mama yake tulikuwa tunashona kofia, vifungo, miwani, hata viatu. Mwalimu aliisifu mbele ya darasa na ikawekwa langoni ikiwa na jina lake. Tangu hapo kila nikimpeleka shule anapita pale akitazama chini. Nilipomuuliza alisema, "Si yangu, Baba." Alipata alama za juu, kwa hiyo sielewi nilikosea wapi. Desemba tutaenda kwa susu yake, yaani nyanya yake, Kitui, na sitaki tufike huko tukiwa hivi.*
Baba wa binti, Kahawa West

Baba wa binti, mtu asiyempenda mwanawe hakeshi hadi saa saba akishona miwani ya sanamu. Hilo nalijua, na yeye pia analijua. Lakini alilala usiku ule akiwa na sanamu yake, imeinama vile ilivyoinama, na alipoamka hakuikuta.

Nakuandikia haya kama mtu aliyefanya kosa hilohilo. Mwaka wa 1991 nilikuwa na mvulana darasani aliyefinyanga ng'ombe wa udongo mwenye pembe ndefu kuliko miguu. Hakuweza kusimama, akamwegemeza kwenye jiwe. Kesho yake wazazi walikuwa wanakuja kuona kazi za watoto. Jioni, watoto wakiwa wameenda, nilimchukua yule ng'ombe nikazipunguza pembe, nikamnyoosha miguu, nikamsimamisha vizuri kabisa. Asubuhi mvulana alisimama mbele ya meza muda mrefu. Akaniuliza, "Mwalimu, ng'ombe wangu ameenda wapi?" Nikamwambia ni huyo hapo. Akasema, "Huyu ni wako."

Muhula wote uliobaki alikuwa anachukua udongo wake, anaufinyanga uwe mpira, kisha anaurudisha ndooni. Baadaye mama yake aliniambia kwamba babu yake alikuwa na fahali mwenye pembe ndefu, na alikuwa ameuzwa mwaka ule ili kulipia matibabu. Mimi nilimkata zile pembe. Zile pembe ndizo zilizokuwa ng'ombe wake.

Kwa hiyo anza kwa kumwambia binti yako waziwazi: "Niliifumua kazi yako bila kukuuliza. Nisamehe." Wapo watakaosema baba haombi radhi kwa mtoto. Mimi nimekaa na watoto miaka 34 na sijaona mzazi aliyepungukiwa na heshima kwa sababu hiyo. Usifuatishe msamaha huo na maelezo ya kazi nyingi na kuchelewa kufika. Hayo yasubiri siku nyingine.

Kisha mwulize sanamu yake ilikuwa iweje. Mwulize kweli, na usubiri jibu. Inawezekana fulana ile aliichagua kwa sababu anayoijua yeye.

Nitakueleza pia kwa nini iliinama, kwa sababu hapo ndipo msaada wako ulikuwa unahitajika. Vijiti viwili vilivyofungwa kwa fundo moja hugeukageuka. Kamba inatakiwa ipite kimshazari, kutoka kona moja ya msalaba hadi ya pili, mara tatu au nne, kisha ipite kimshazari upande mwingine, halafu izungushwe katikati ya vijiti vyenyewe na kukazwa. Vidole vya mtoto wa miaka 9 au 10 vinaweza kufanya hivyo akionyeshwa. Ukitaka kumwonyesha, tafuta vijiti vingine viwili vyako mwenyewe, ufunge yeye akitazama, naye afungue vyake avifunge upya. Mikono yako isiguse vya kwake ila akikuomba umshikie. Kukata kwa panga, kutoboa bati, kubeba kitu kizito, hizo ni zako. Kuchagua, kufunga, kushona na kukosea ni kwake.

Nenda naye Kitui mkiwa na kamba ya katani mkobani. Susu yake bila shaka anajua mahali ndege wanaposumbua, na mtama ukianza kutoa masuke atashukuru kupata mlinzi. Binti atengeneze sanamu nyingine, isimame shambani mahali itakapofanya kazi, siku zote mtakazokaa huko. Ndege wakiizoea, aihamishe au aifunge vipande vya kaseti kuukuu au karatasi za kung'aa zinazopepea. Atajifunza zaidi hapo kuliko langoni pa shule. Na kama susu bado anasuka vyondo, mwombe amfundishe kusokota uzi wa katani pajani. Nimewahi kukaa na akina mama wa Ukambani wakisuka, na sijui mahali pengine ambapo mtoto wa kike husikia habari za ukoo wake kwa utulivu kama ule. Mikono inazunguka, na hadithi inatoka bila kuharakishwa.

Januari nenda ukamwone mwalimu wake kwa adabu. Mweleze kilichotokea na umwambie kazi zijazo zitakuja zikiwa za binti, hata zikiinama. Mimi nawaomba walimu wenzangu walio madarasani jambo hili kwa moyo wote. Najua mna watoto wengi na muda mdogo. Lakini tunapoweka langoni kazi iliyoshonwa na watu wazima, wazazi hamsini wanaelewa kwamba hiyo ndiyo inayotakiwa, na muhula ujao hamsini watakesha. Mtaala huu uliochukua nafasi ya 8-4-4 unaitwa wa umilisi. Anayetakiwa kumilisika ni mtoto. Wazazi waliopitia mitihani ya 8-4-4 wanaona alama mahali popote panapoandikwa jina la mtoto, na ni hofu ninayoielewa, lakini gharama yake inalipwa na mtoto anayepita lango akitazama chini.

*Mwalimu, natunza watoto 11 wa akina mama wanaofanya kazi, hapa Mukuru. Wadogo wana mwaka mmoja na nusu, wakubwa minne. Nimewatafutia magazeti na vipande vya vitambaa wabandike, lakini gundi ya dukani ni ghali na wadogo wanailamba. Nifanyeje?*
Mlezi, Mukuru

Pika uji wa ngano. Vijiko viwili vikubwa vya unga uvikoroge na maji baridi kidogo mpaka mabonge yaishe, ongeza maji kufikia kikombe kimoja, weka motoni ukikoroga bila kuacha mpaka uwe mzito na uanze kung'aa. Ukipoa, ndio gundi. Inashika karatasi na kitambaa chepesi vizuri sana, na akiilamba hakuna ubaya. Inakaa siku mbili hivi. Ikianza kunuka uchachu, mwaga. Kazi zilizobandikwa zitundike juu kwa kamba zikauke, la sivyo mende watazila usiku.

Kwa watoto hao wadogo, kipimo changu kimekuwa bomba la karatasi ya chooni. Kitu chochote kinachoweza kupita ndani yake hakifai kuwa mkononi mwa mtoto aliye chini ya miaka mitatu: shanga, vifungo, mbegu, vifuniko vya chupa. Njugu nzima wasipewe kabisa, wala mapande ya puto lililopasuka. Betri ndogo za duara ndizo ninazoziogopa kuliko vyote, kwa kuwa zikikwama kooni zinaweza kuchoma ndani kwa saa chache tu. Ukishuku mtoto amemeza moja, usisubiri uone, mkimbize hospitali saa hiyohiyo.

Na dada yangu, watoto 11 ni wengi kwa mtu mmoja. Gawa: wanne wabandike huku wengine wakilala au wakicheza na sufuria. Hawahitaji wote kufanya kitu kimoja saa moja.

*Mwalimu, mwanangu ana miaka 5, yuko PP2. Anatumia mkono wa kushoto kwa kila kitu. Mama mkwe wangu, ambaye tunaishi naye Umoja, anamnyang'anya penseli na kuihamishia kulia, na akirudia anampiga kofi dogo mkononi. Anasema kushoto si adabu. Mtoto sasa hataki kuchora wala kukata karatasi. Sitaki kumkosea mama heshima.*
Mama wa mshoto, Umoja

Mama mkwe wako anatetea jambo ambalo lina maana kwetu, nawe anza kwa kulikubali. Kusalimia, kupokea kitu kwa mkubwa na kula kwa mkono wa kulia ni adabu, na mtoto wa miaka 5 anaweza kuifunza. Mwambie mama, "Hayo nitamfundisha, na wewe nisaidie kumkumbusha." Atakapoona umeichukua sehemu yake kwa uzito, mwombe sehemu ya penseli akuachie. Ikiwezekana mume wako ndiye aseme. Kwa mwanawe yatapokelewa vizuri zaidi.

Ukushoto si tabia mbaya wala ukaidi. Mtoto huzaliwa akiegemea huko. Kaka yangu alifungwa mkono kwa kitambaa darasani miaka ile ya nyuma. Alijifunza kuandika kwa kulia, ndiyo, kwa mwandiko uliotetemeka maisha yake yote. Akawa fundi wa viatu, na nyundo aliishika kwa kushoto mpaka alipostaafu.

Kuhusu mkasi, mtoto hana kosa. Mkasi wa kawaida umeundwa kwa mkono wa kulia. Ukishikwa kwa kushoto, ubapa wa juu unaziba mstari anaoufuata, na vidole vinapobana vinayaachanisha makali badala ya kuyakutanisha. Karatasi inajikunja katikati bila kukatika, na mtoto anadhani ni mjinga. Ipo mikasi ya mshoto, uliza kwenye maduka ya vifaa vya shule mjini. Ukiikosa, mfundishe kuchana karatasi kwa vidole kufuata mkunjo, na anapokata duara azunguke kwa mwelekeo wa mishale ya saa. Anapoandika, karatasi ielekee kulia, kona ya juu ya kushoto ikiwa juu kuliko ya pili. Mwombe mwalimu amkalishe mwisho wa benchi upande wa kushoto ili kiwiko chake kisigongane na cha jirani.

Kofi hilo dogo, mama, lisimame. Hapo usilegee.

*Shikamoo Mwalimu. Nina miaka 12, naishi Huruma na mama na wadogo zangu wawili. Mama huenda kufulia watu nguo na kupiga deki. Akirudi magoti yanamuuma. Nataka tumpe zawadi ya Krismasi lakini hatuna pesa, na sitaki kumuomba mtu. Nimesoma gazeti hili kwa jirani. Tafadhali unijibu kabla ya Desemba.*
Msichana, Huruma

Marahaba, mwanangu. Umeona magoti ya mama, na zawadi itatoka hapohapo. Mtengenezee mto wa kupigia magoti anapopiga deki.

Tafuta suruali ya jinzi iliyokwisha, hata kama imechanika juu. Kata mguu mmoja kutoka juu kidogo ya goti hadi kwenye pindo. Huo ni mfuko tayari, umeshonwa pande mbili na kiwanda. Ugeuze ndani nje, ushone mdomo mmoja kwa mshono wa kurudi nyuma: sindano inatangulia hatua moja, inarudi nusu, inatangulia tena. Mshono huo haufumuki hata uzi ukikatika mahali pamoja. Tumia uzi wa nailoni. Kisha ugeuze tena nje.

Upime kabla ya kujaza. Piga magoti wewe mwenyewe juu yake. Magoti yote mawili yatoshe na nafasi ibaki pembeni, kwa maana mama ni mpana kuliko wewe. Mguu ukiwa mwembamba mno, upasue ule wa pili na uunganishe. Wadogo zako wakate vitambaa kuukuu na sweta iliyochakaa viwe vipande vidogo. Vipande vikubwa huleta mabonge na mabonge yataumiza. Jaza mpaka ukibonyeza kwa ngumi usiguse sakafu. Shona mdomo wa pili, halafu pitisha mishono mitatu katikati kutoka juu hadi chini ili vitambaa visikusanyike upande mmoja. Upande wa chini ushonee kipande cha gunia la nailoni la mchele, lile lililofumwa, kwa sababu sakafu anazopiga deki huwa na maji. Na kona moja weka kitanzi cha kitambaa, autundike kwenye msumari ukauke.

Shoneni saa ambazo mama yuko kazini. Hesabu siku: siku moja kukata, mbili kushona, moja kujaza. Msiyafanye yote jioni moja kwa mwanga hafifu.

Kama mnataka na kadi, okoteni maua ya bogonvilia yaliyoanguka chini ya ua la mtu. Yale majani yake ya rangi ni makavu kama karatasi na hayapotezi rangi upesi. Yapangeni kati ya kurasa za gazeti, gazeti liwekwe ndani ya kitabu kizee, na juu yake wekeni mtungi wa maji wa lita 20 kwa wiki moja. Yabandikeni kwa ile gundi ya uji niliyomwandikia mlezi wa Mukuru. Maneno ya ndani kila mmoja aandike yake kwa mwandiko wake. Yule mdogo ambaye hajajua kuandika aweke kiganja chake juu ya karatasi, nawe uzungushe penseli.

Huenda jinzi ikawa nene na sindano ikakataa kupita mahali pa mishono ya pembeni. Usiisukume kwa kiganja, itakuchoma. Mpelekee fundi wa viatu aliye karibu nanyi. Sindano yake hupita kwenye ngozi, na ni mishono minne mitano tu. Mweleze mto huo ni wa nani na wa kazi gani, nadhani hatakudai kitu.